Mzambarau wa Paani

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu, tone la maji lilianguka kutoka darini likatua ndani ya saa ya mkononi iliyokuwa imefunguliwa mgongo. La pili lilifuata kabla fundi saa hajainua kichwa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake jioni na ilikatika alfajiri. Fundi saa alisogeza meza yake ya kazi, akaweka beseni mahali ilipokuwa, kisha akatoka na kugonga mlango wa jirani yake wa pekee katika ghorofa ile ya sita, mjane wa kaka yake.

"Shemeji," alisema, "mti wa marehemu umeanza kuninyeshea mezani."

"Mti haunyeshi. Mvua ndiyo inayonyesha. Ingia unywe chai."

"Chai gani, na saa ya mtu imejaa maji?"

"Basi inywe hukohuko, umwambie mwenye saa imeoga."

Mwanamke huyo alikuwa seremala, na jengo zima lilimwita Mama Msumeno. Alivaa viatu, wakapanda pamoja kwenda juu ya paa.

Paa lilikuwa la zege, tambarare, na juu yake palikuwa na miti kumi na miwili ndani ya mahodhi ya kuogea. Mahodhi hayo yalikuwa ya jengo lenyewe. Miaka tisa nyuma mwenye jengo aliamua kuyang'oa yote na kuweka bafu za manyunyu, na mafundi wakayaacha kwenye ngazi. Msimamizi wa jengo aliwaambia wapangaji, "Ni yenu. Yatoeni njiani." Mume wa Mama Msumeno alisema paa liko karibu kuliko jalala. Kila nyumba ikapandisha hodhi lake, ikalijaza udongo na kupanda ilichotaka: midimu, mipera, mikomamanga, mstafeli mmoja ambao haukuwahi kuzaa. Maji ya kusuuzia nguo hayakumwagwa tena. Yalipandishwa kwa ndoo, kamba na roda iliyofungwa ukingoni. Kabla ya miti, nyumba mbili za ghorofa ya sita hazikukalika mchana, na fundi saa alikuwa akifanyia kazi kwenye ngazi. Kivuli kilipokua alirudi mezani kwake. Hakuna aliyewahi kubishana juu ya hilo.

Asubuhi ile maji yalikuwa yametuama upande mmoja wa paa hadi kwenye vifundo vya miguu. Upande huo ndio uliokuwa na mzambarau, mti wa kwanza na mkubwa kuliko yote.

"Mfereji umeziba," alisema Mama Msumeno. "Majani."

"Majani," alikubali fundi saa, lakini alikuwa akiutazama mti.

Walizoa majani kwa mikono. Maji hayakushuka.

Saa tatu msimamizi alifika. Alisimama chini ya doa la darini kwa muda mrefu kuliko doa lenyewe lilivyohitaji, na alipogeuka hakuwa na uso wa mtu aliyepata hasara.

"Nilisema siku moja msitu huu utatuangukia," alisema. "Ijumaa miti yote ishuke."

"Kwa sababu ya doa?" aliuliza Mama Msumeno.

"Kwa sababu ya doa, na kwa sababu wenye mnara wa simu wanalitaka paa. Wanalitaka tupu. Mwenye jengo keshakubaliana nao. Sikufichi kitu, mama."

"Mahodhi ulitupa wewe mwenyewe. Ulisema ni yetu."

"Mahodhi ni yenu. Paa si lenu. Chukueni mahodhi yenu mkaogee."

Mchana ule aliweka kufuli kwenye mlango wa kwenda paani. Lilikuwa kufuli kubwa la shaba, jipya.

Jumanne asubuhi Mama Msumeno alipanda na ndoo yake, akaliona kufuli, akaweka ndoo chini. Mlango ule aliutengeneza mwenyewe, wa mninga, baada ya ule wa zamani kuoza. Ulikuwa ukifungukia upande wa ngazi, kwa hiyo bawaba zake zilikuwa upande wa ngazi pia, na msimamizi hakuwa amelifikiria hilo. Mama Msumeno alirudi nyumbani kuchukua bisibisi. Alipomaliza kufungua skrubu, mlango ulizunguka kinyumenyume, kana kwamba kufuli ndilo lililokuwa bawaba, ukaegemea ukutani ukishikiliwa na kufuli peke yake. Akachukua ndoo yake na kumwagilia.

Msimamizi alimkuta hapohapo. Nyuma yake alikuja mhandisi, mwanamke kijana mwenye viatu vizito na tochi kiunoni, aliyeitwa ili aseme paa haliwezi kubeba miti. Wapangaji kadhaa walipanda pia, kwa sababu sauti ya msimamizi ilikuwa imetangulia kwenye ngazi.

"Umevunja kufuli!"

"Kufuli lako lile pale, zima kabisa. Lishike uone."

"Na mlango?"

"Mlango nimeupumzisha. Tangu jana ulikuwa umesimama."

Fundi bomba wa ghorofa ya tatu alicheka hadi akashika ukuta. Msimamizi alimgeukia mhandisi. "Umewaona? Sasa tuambie, uzito huu wote, paa si litatuua?"

Mhandisi alitoa vifaa vyake. Alizunguka paa lote, akapima udongo kwa utepe, akapiga zege kwa nyundo ndogo na kusikiliza, kisha akashuka na kutazama dari za nyumba zote mbili. Aliporudi alisema mahodhi yote yamekaa ukingoni, juu ya kuta na mihimili, na uzito wake haumtishi.

"Nani aliyapanga hivi?" aliuliza.

"Hakuna aliyeyapanga," alisema fundi bomba. "Tulichoka. Kila mtu alilitua la kwake alipofika."

"Basi uchovu umewasaidia. Mngeyaweka katikati ningesema mengine." Aliandika kidogo, kisha akanyoosha kidole. "Mengine yote yako juu ya matofali. Hilo mbona liko chini?"

Lilikuwa hodhi la mzambarau. Fundi saa ndiye aliyejibu.

"Hilo lilikuwa la kwanza. Tulilibeba mimi na kaka yangu. Matofali tuliyajua baadaye."

Mhandisi alilala kifudifudi kwenye zege lenye maji, akapenyeza mkono chini ya hodhi, akapapasa. Uso wake haukubadilika. Alimwomba fundi bomba ashuke ghorofa ya sita na kufungua kifuniko cha bomba la maji ya mvua. Baada ya muda fundi bomba aliita kutoka chini, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. Wote walishuka. Ndani ya bomba palikuwa na mzizi mmoja uliojisokota na vijizizi vyake kama nywele zilizosukwa, umejaa bomba zima. Fundi bomba alipouvuta ulikuja wote, mrefu kuliko yeye, ukiacha maji meusi ukutani.

"Ulikuwa unakunywa kwa mrija," alisema fundi bomba. Hakuna aliyecheka.

Mhandisi alieleza kwa maneno machache. Tundu la hodhi lilikuwa limekaa juu ya tundu la mfereji, sawasawa. Mzizi ulitoka katika moja ukaingia katika jingine. Bomba likaziba, maji yakatuama, yakapata ufa kuzunguka shingo ya bomba. Saa ya mkononi ndiyo iliyopata habari kwanza.

"Bahati mbaya tu kwamba matundu yalikutana?" aliuliza mhandisi.

"Hapana," alisema Mama Msumeno. "Mume wangu alipima. Alisema hodhi ni hodhi, na tundu la hodhi sharti likae juu ya mfereji, ili maji yasichafue paa. Mimi ndiye niliyemshikia utepe."

Msimamizi alikunja mikono kifuani. "Nilisema nini? Miti inaharibu jengo."

"Ulisema yote. Huu ni mmoja."

"Mmoja leo, kesho wa pili."

"Mingine iko juu ya matofali, imechungulia chini ikaona zege tu. Mkosaji ni huu, na nitaukata mwenyewe. Leo. Mingine kumi na mmoja haishuki."

"Mama, paa hili lina umri mkubwa kuliko mimi. Hata ukikata, litavuja tu."

"Basi huna cha kuogopa. Lipime."

Msimamizi alimtazama mhandisi, akitarajia kusaidiwa. Mhandisi alisema kipimo kipo, na angelazimika kukifanya hata kwa ajili ya mnara. Bomba lisafishwe, shingo yake ipakwe lami upya, kisha tundu la mfereji lizibwe kwa makusudi, paa lijazwe maji ya kina cha vidole vinne, yaachwe hadi kesho yake. Dari ikikaa kavu, paa ni zima.

Watu walikuwa wamejaa kwenye ngazi kufikia hapo. Msimamizi aliwaangalia na kupandisha sauti ili ifike hadi kwa wa mwisho.

"Sawa. Likidondoka tone moja, Ijumaa hiyohiyo miti yote inashuka, na nyinyi ndio mtakaoishusha."

"Na lisipodondoka?" aliuliza Mama Msumeno.

"Lisipodondoka kaeni na msitu wenu. Mnara utatafuta paa lingine."

"Wamekusikia," alisema Mama Msumeno, akachukua ndoo yake.

Aliukata mzambarau mchana uleule. Alianza na matawi ya juu, akayashusha kwa kamba ya roda ili yasivunje mkomamanga wa jirani, kisha akaweka msumeno kwenye shina. Fundi saa alikuja kushika upande wa pili. Walikata hadi shina likalala.

"Ningeweza kukata mimi," alisema fundi saa.

"Wewe ukate? Umezoea bisibisi ya ukubwa wa kope."

"Ulikuwa mti wa kaka yangu."

"Ulikuwa mti wa mume wangu, na umejaza bomba. Shika vizuri, hilo gogo nalitaka likauke likiwa limenyooka."

Udongo wa hodhi waliutoa kwa koleo. Mizizi ilikuwa imechukua umbo la hodhi kabisa, pembe zake zote, na kwenye tundu palikuwa na shingo nene iliyokwenda chini. Mama Msumeno aliikata kwa nyundo na patasi. Kizibo cha mpira cha hodhi bado kilikuwa kimening'inia kwenye mnyororo wake ukingoni, kimekakamaa kwa jua. Alikitazama, akakitia mfukoni.

Jumatano fundi bomba alisafisha bomba na kupaka lami shingoni. Alifanya kazi yake akiwa na wapangaji wanne juu ya kichwa chake, kila mmoja akimwonyesha mahali alipopasahau. "Basi pakeni nyinyi, mimi nikaangalie televisheni," aliwaambia, lakini alipaka mara tatu. Mhandisi alipita jioni, akabonyeza lami kwa kidole, akasema inafaa.

Alhamisi walijaza paa. Tundu la mfereji lilizibwa kwa kizibo cha hodhi kilichovingirishwa kitambaa, na kilienea kana kwamba kilitengenezwa kwa ajili yake. Maji yalipandishwa kwa ndoo tangu asubuhi, ya bombani na ya kusuuzia, mengine bado yana povu. Kila nyumba ilileta, hata ile ya ghorofa ya kwanza ambayo mpera wake ulikuwa umekufa mwaka uliopita na haikuwa na cha kupoteza. Kufikia saa tisa maji yalifika alama ya chaki ya mhandisi. Alishuka kwa fundi saa, akabandika kurasa za gazeti kwenye dari kwa utepe wa gundi, juu ya doa na pande zake zote, akatia saini pembeni mwa kila ukurasa. Karatasi, alisema, ikilowa haiwezi kuficha.

Alipoondoka, chumba kilibaki na fundi saa peke yake, na ufunguo wa chumba ulikuwa wake.

Msimamizi alikuja saa kumi na moja. Hakukaa.

"Mzee, ile nyumba ya chini, karibu na lango, itabaki wazi," alisema. "Hakuna ngazi. Nilikuwa nakufikiria wewe."

"Magoti yangu yamekuwa yakiifikiria muda mrefu."

"Mnara ukija, wataihitaji hii yako ya juu kuweka mitambo yao. Wewe ungeshuka, kwa kodi ileile." Aliinua macho kwenye magazeti. "Ni tone moja tu, mzee. Hakuna atakayeuliza limetoka wapi."

Mezani palikuwa na glasi ya maji. Wote wawili waliiona.

"Magoti yananiuma kweli," alisema fundi saa, na akafunga mlango taratibu.

Mama Msumeno alikuwa kwenye ngazi, amebeba matofali mikononi, na alikuwa amemwona msimamizi akitoka. Fundi saa alifungua mlango tena, akamweleza yote bila kuulizwa, nyumba ya chini, kodi, na tone.

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia magoti yananiuma."

"Si uongo."

"Si uongo hata kidogo. Juzi nilipumzika mara tatu kupandisha mkate."

Mama Msumeno alihamisha matofali kutoka mkono huu kwenda ule. "Mimi sikuombi kitu, shemeji. Siku ya kwanza maji yalikudondokea wewe, si mimi. Na nyumba ya chini ni nzuri, ina madirisha mawili. Lakini kesho saa tatu nitaingia humo ndani na wengine, na nitaangalia dari. Sitakuangalia wewe."

"Unanitisha?"

"Nakuarifu. Lala salama."

Aliendelea kupanda na matofali yake.

Ijumaa saa tatu kamili, kwa mujibu wa saa zote za ukutani isipokuwa mbili zilizokuwa zikitengenezwa, msimamizi alibisha hodi. Mhandisi alikuwa naye. Mama Msumeno na fundi bomba walikuwa tayari nje ya mlango, na nyuma yao ngazi ilikuwa imejaa. Juu ya paa maji yalikuwa bado kwenye alama ya chaki, pungufu kidogo kwa sababu ya jua la jioni.

Fundi saa alifungua. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Beseni lilikuwa palepale sakafuni, chini ya doa, na ndani yake mlikuwa na maji.

"Haya!" alisema msimamizi. "Haya, jamani! Maji si hayo?"

Mama Msumeno aliangalia dari, kama alivyosema.

"Hayo nimenawia uso," alisema fundi saa. "Nilijua mnakuja wageni."

"Umenawia kwenye beseni la kukingia?"

"Nina beseni moja. Ulitaka ninawie kwenye glasi?"

Watu wa mlangoni walianza kucheka. Msimamizi alikuwa keshapanda juu ya kiti. Alishika ukurasa wa gazeti uliokuwa juu ya doa, akauvuta kwa nguvu, utepe ukang'oka na vipande vya rangi. Karatasi ilitoa sauti, ile sauti kavu ya gazeti la jana. Aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza. Akavuta ya pili na ya tatu. Akaweka kiganja chake kwenye dari, akakitazama kiganja. Kilikuwa na vumbi la chokaa.

Mhandisi aliokota kurasa zote, akakagua saini zake moja moja, akapapasa dari kwa mkono wake mwenyewe.

"Kavu," alisema. "Nitaandika hivyo."

"Mzee," alisema msimamizi, akiwa bado juu ya kiti, "una uhakika na nyumba hii ya juu?"

"Huku juu kuna kivuli," alisema fundi saa. "Shuka kwenye kiti changu, mguu wake mmoja haujakaza."

Msimamizi alishuka. Mama Msumeno ndiye aliyempisha njia, lakini hakumpisha aelekee chini. Alisimama upande wa ngazi za kushukia, bisibisi mkononi, akamwonyesha ngazi za kupandia.

"Kuna mlango unakungoja," alisema.

Walipanda. Mlango ulikuwa vilevile alivyouacha Jumanne, umeegemea ukutani, umeshikwa na kufuli.

"Urudishe kwenye bawaba," alisema msimamizi.

"Nitaurudisha. Kwanza fungua kufuli lako."

"Unaweza kuurudisha na kufuli likiwepo."

"Naweza. Sitaki."

Msimamizi aligeuka kutazama ngazi. Nyuma yake hakuna aliyekuwa na haraka. Akatafuta katika shada lake la funguo, akapata ule mdogo mpya, akafungua kufuli na kulitia mfukoni, ambako lilivuta suruali upande mmoja. Mlango ulimlalia Mama Msumeno mikononi. Fundi bomba alimsaidia kuusimamisha, naye akaingiza skrubu moja baada ya nyingine. Msimamizi alishuka kabla ya skrubu ya mwisho.

Mama Msumeno aliingia kwenye maji ya paa na viatu vyake, akang'oa kizibo. Maji yalizunguka, yakanywea, yakashuka kwa kishindo bombani.

Hodhi tupu la mzambarau lilikuwa juu ya matofali, limegeuzwa, tundu lake likiangalia mbali na mfereji. Katika hodhi la mdimu palikuwa na mche wa mzambarau uliotokana na tunda lililoanguka. Mwenye mdimu alikuwa ameapa kuung'oa tangu mwaka jana. Mama Msumeno aliung'oa na udongo wake.

"Usiniambie," alisema fundi saa kutoka mlangoni. Alikuwa amepanda polepole na alikuwa ameshika goti.

"Sikuambii. Niletee koleo."

"Mzambarau tena?"

"Mzambarau tena."

Fundi saa alilileta. Walijaza udongo, wakasimamisha mche, wakashindilia kwa mikono. Ukawa na kimo cha msumeno uliosimamishwa. Mama Msumeno alimwaga ndoo ya kwanza. Baada ya kitambo maji yalitokeza kwenye tundu la hodhi, yakaanguka kati ya matofali, yakatambaa juu ya zege mbele ya macho ya watu wote, yakafika kwenye mfereji yenyewe.

Saa tano na dakika kumi fundi saa alishuka, akamwaga beseni lake, akasogeza meza ya kazi kuirudisha ilipokuwa.